Kaka Kaingia Zamu ya Wanawake

Losaline Vakaloa alikuwa na maadui wengi kuliko nguruwe, na mtaa mzima wa Fangavai hakuna anayejua idadi ya nguruwe wake. Maadui wengine aliwachuma kwa mdomo, wengine kwa kamera. Mkubwa wao wote, Sioeli, alitoka naye tumbo moja, na kwa mila zetu sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki huyo ndiye mtu pekee ambaye hakuruhusiwa kumjibu neno chafu hata moja. Mwanamke yule alikuwa na kifua, nasema kweli. Ningekuwa mimi ningeshapasuka zamani.

Kamera aliianza kwenye misiba. Kwa miaka kumi na minane alipiga harusi na misiba ya Nuku'alofa, maana hapa mtu hafi kimyakimya. Nusu ya ukoo iko Auckland na nusu nyingine Sydney, na hao wote wanataka kuona: nani kaja, kavaa nini, kalia kweli au kajikausha. Na mikeka! Kila mkeka unaokunjuliwa mbele ya jeneza lazima kamera ipite juu yake polepole, ijulikane umetoka kwa nani na upana wake ni kiasi gani. Ukijisahau ukaruka mkeka wa mtu, utapigiwa simu kutoka ng'ambo, utukanwe mpaka ujute kuzaliwa.

Shida ya Losaline ni kwamba macho yake hayakutulia kwenye mikeka. Yalikuwa yanakwenda nyuma ya nyumba, kule kwa ndugu wa daraja la chini, wale waliojifunga mikeka iliyochakaa mpaka kisogoni, wanaopika siku tatu mfululizo na hawaruhusiwi kumsogelea maiti. Aliwapiga wakichoma nguruwe. Aliwapiga wakilala usingizi wamekaa. Wateja wakapandwa na hasira.

"Nimekuita upige msiba wa baba yangu," mama mmoja alimfokea kwenye simu, "wewe unanitumia jiko?"

"Baba yako alizikwa na hao hao walioko jikoni, mama."

"Basi wakulipe hao!"

Kazi zikaanza kupungua, naye akaendelea hivyo hivyo, kichwa kigumu. Na ni huko nyuma ya nyumba, kwenye msiba wa mtu ambaye hata jina lake nimelisahau, ndiko alikomwona Penisimani akimenya majimbi peke yake. Watu walimwita Dipoti, kama wanavyowaita wote waliofukuzwa ng'ambo. Aliondoka Tonga akiwa na miaka miwili, amepakatwa na mama yake. Akakulia Sydney, akakosea huko, akafungwa huko, na alipomaliza kifungo chake akiwa na miaka thelathini na minne wakampakia ndege na kumrudisha "kwao," ambako hakuwa na mtu wala godoro. Lugha yetu anaiongea kama mtoto wa miaka miwili, kwa sababu ndiyo aliyoondoka nayo. Mwanamume ana shingo ya fahali, anasimama dukani anasema, "Mimi taka mkate, mimi njaa." Watoto wanacheka mpaka wanakaa chini.

Alikuwa akilala kwenye kontena kuukuu la meli lililotupwa kando ya wangwa, mwisho wa mtaa. Losaline alipofika pale mara ya kwanza na kamera yake, alirushiwa kopo la samaki.

"Kamera toka! Mama toka!"

"Kwanza umenikosa," Losaline akamwambia. "Rusha tena."

Akarusha tena. Safari hii kopo likagonga miguu ya kamera, ukavunjika mmoja. Losaline akaufunga kwa mpira wa tairi na kesho yake akarudi. Ikawa hivyo kwa miaka mitatu.

Filamu ile ya maisha ya Penisimani hakuna aliyemsaidia, tuelewane. Maikrofoni aliifunga kwenye mpini wa ufagio na kuishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kompyuta yake ilikuwa ikipata moto na kuzima kila baada ya nusu saa, akaiwekea feni ya mezani, feni ikaharibika, akawa anaipepea kwa kipande cha mkeka. Aliandika barua kwa watu wanaosaidia wasanii, wakamjibu kwa adabu kwamba mwaka ule walikuwa wanatafuta filamu za nyangumi. Mume wake, aliyekuwa amehamia Auckland zamani, alimpigia simu kumuuliza kama kapata wazimu. Hakupiga tena, na Losaline hakumtafuta.

Katikati ya kazi ile ndipo lilipotokea la tarumbeta.

Sioeli alikuwa kiongozi wa kwaya, mtu wa suti na Biblia. Alikuwa pia ameanzisha kikosi chake cha vijana wa kulinda mtaa, ambacho hakuna aliyemtuma akianzishe. Jumapili moja tarumbeta kubwa ya bendi ya kanisa haikuonekana. Hakuna aliyeuliza maswali. Jua halijazama wameshamtoa Penisimani kwenye kontena, Sioeli mbele, na kipande cha mpira wa maji mkononi. Walimpiga mpaka sikio lake la kulia likafa, na hadi leo ukimsemesha lazima ageuze kichwa. Jumanne tarumbeta ikapatikana kwa mpulizaji mwenyewe. Aliipeleka nyumbani kuing'arisha, akasahau kusema.

Sasa, kwetu ukimkosea mtu kiasi hicho unajifunga majani shingoni, unakwenda kukaa chini mbele ya nyumba yake, unainamisha kichwa mpaka akuinue. Hata wakubwa wanafanya. Losaline alisubiri wiki nzima aone nani atakwenda kukaa mbele ya kontena. Hakwenda hata mbwa.

"Dipoti ana nyumba gani ya mtu kukalia mbele yake?" alisema Vaimoana, mtoto wa baba yake mdogo, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu kutoka kisiwa cha pili. "Na kama hakuiba tarumbeta, si aliiba kitu kingine? Kuku wangu wako wapi?"

"Kuku wako umewala mwenyewe, Vaimoana. Tunakuona unavyonenepa."

"Nenda zako, Mama Takataka!"

Hapo Losaline ndipo alipojua filamu yake inahusu nini. Akaenda kontenani, akaweka kamera, akamwambia Penisimani aseme yote. Naye akasema dakika kumi na moja bila kukatisha, kwa ile lugha yake ya kitoto, huku anacheka. Alikuwa akicheka, nisikilizeni, na kila baada ya maneno matano akiporomosha tusi. Si matusi ya kawaida. Ni yale ya mwili, ya mama na baba, yale aliyoyaokota jela na barabarani, maana hayo ndiyo maneno pekee ya lugha yetu aliyojifunza akiwa mtu mzima. Losaline, nyuma ya kamera, hakuizima.

Kisha ikatangazwa kwamba mwezi wa kumi kutakuwa na mkutano mkuu wa kanisa na wageni watafikia Fangavai. Sioeli akasimama mbele ya kwaya, akasema mtaa utasafishwa: lile kontena litavutwa na trekta, na aliyemo atafute pa kwenda. Watu wakaitikia amina. Losaline alijua hana njia nyingine. Kabla ya mwezi wa kumi, Fangavai lazima imsikie Penisimani kwa kinywa chake. Wakimsikia, pengine wataona aibu. Wasipomsikia ataondolewa, na atakwenda wapi? Sydney hawamtaki, na kwao ndiyo hapa.

Lakini ukumbi wa mtaa una ndugu ndani yake, na hapo ndipo kwenye kazi. Kaka na dada kwetu hawakai chumba kimoja kukisemwa mambo ya mwili. Redio ikianza wimbo wa mapenzi, mmoja anainuka kwenda kunywa maji hata kama hana kiu. Na sisi hatuna binamu, wote ni kaka na dada, hivyo ukihesabu vizuri nusu ya Fangavai haiwezi kutazama filamu na nusu nyingine. Losaline kazi hiyo aliijua tangu kwenye harusi, zile zenye ngoma za kukata kiuno. Akabandika tangazo: Jumamosi, wanawake saa nane mchana, wanaume saa kumi na moja jioni. Kila mtu na zamu yake, na mwiko uko palepale.

Ijumaa asubuhi akatokea Manusiu, mke wa Sioeli. Kaka haji nyumbani kwa dada yake kubishana, hilo haliwezekani, kwa hiyo miaka yote hiyo ugomvi wao ulipita kwenye mdomo wa Manusiu, maskini, kama barua.

"Hujambo, wifi?" akasema kutokea mlangoni.

"Sijambo, wifi. Ingia."

"Siingii. Nimetumwa."

"Najua umetumwa. Ukija kwa hiari yako huwa unakuja na mkate."

Manusiu akatabasamu kidogo, akajizuia. "Anasema, kwa heshima zote, anaomba yale matusi yatolewe. Ni aibu kwa ukoo."

"Matusi, au mpira wa maji?"

Manusiu akatazama miguu yake. "Kanituma matusi tu."

"Mwambie, kwa heshima zote, matusi ni ya mwenyewe. Nitamuuliza mwenyewe."

Na kweli alikwenda kumuuliza, maana hakuwa mjinga. Alijua matusi yale ndiyo mlango ambao kaka yake angeingilia. Penisimani alikuwa akikaanga samaki kwenye kifuniko cha debe.

"Hapana," akasema. "Maneno yangu. Mimi sina mengine."

"Nikikata kumi tu hivi, hata huwezi kujua."

"Mimi nitajua! Kaka yako piga mimi, halafu mimi nisema vizuri, kama mchungaji? Hapana."

"Wewe mwanamume, unajua napata nini mimi kwa ajili yako? Watu hawanisalimii! Sina kazi! Harusi sipigi tena!"

Penisimani akageuza kichwa, sikio zima likamwelekea. "Mimi nilikuita? Mimi nilirusha kopo."

Losaline alirudi nyumbani anamlaani njia nzima. Hakukata hata tusi moja.

Jumamosi wanawake wakaja kama sitini, na mikeka yao, na pepeo za kujipepea joto, na watoto wachanga, na vyungu vya majani ya majimbi yenye nyama ya kopo, maana hatuendi mahali bila kula. Hawakuja kwa mapenzi. Vaimoana alikaa katikati ya ukumbi na kutangaza, "Tumekuja kuona takataka za Losaline, tukishaziona twende tukafue." Wakacheka. Madirisha ya ukumbi ule ni ya vioo vya vipande, hayajafungika sawasawa tangu kimbunga, hivyo Losaline aliyaziba kwa mablanketi, akatundika shuka mbele, akawasha mashine ya picha. Penisimani alikaa nyuma ya shuka kushikilia spika iliyoazimwa kanisani isianguke. Mama yake ni wa visiwa vya Ha'apai, mbali na pale. Pale Fangavai hakuwa na dada hata mmoja wa kumwonea haya.

Dakika za kwanza walizomea. Walipoona kontena walizomea zaidi. "Angalieni jiko lake!" "Jamani, ana pazia!" Kisha akaonekana Penisimani akijifunza kusuka kamba kwa mzee kipofu, akikosea, akipigwa kibao cha mkono, akianza upya, na kelele zikapungua. Mtu mmoja akasema pole, sijui alimwambia nani. Losaline, nyuma ya mashine, akaanza kupumua.

Ndipo mlango ukafunguliwa na mwanga ukaingia.

Alikuwa Sioeli. Kavaa mkeka wake wa kiunoni wa ibada, Biblia kwapani, na kiti mkononi alichotoka nacho nyumbani. Akapita katikati ya wanawake wote wale bila kumtazama mtu, akaweka kiti chake mbele kabisa, akakaa, akapandisha mguu juu ya mguu.

"Nimekuja kutazama filamu," akaiambia shuka.

Haki ya Mungu, ujanja ule! Hakupiga mtu, hakuvunja kitu. Alikaa tu. Na kwa kukaa tu, kila mwanamke mle ndani ambaye ni dada yake, wa tumbo, wa baba mdogo, wa mama mkubwa, wa babu wa tatu, ilimbidi atoke. Walijua matusi yanakuja, mtaa mzima ulishasikia kwamba yamo. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, migongo imeinama, watoto mgongoni, vyungu mkononi.

"Huyu naye kaja kutafuta nini kwenye zamu ya wanawake?" Vaimoana alinong'ona, na kunong'ona kwake ni kama kupiga kelele. Lakini naye akatoka.

Wakabaki kama kumi na watano, wale walioolewa kutoka vijiji vingine, Manusiu akiwa mmoja wao, kajikunyata pembeni. Wote wakamtazama Losaline. Yeye ndiye dada wa karibu kuliko wote. Alitakiwa kuzima mashine na kutoka mbio, na bila yeye hakuna mwingine aliyejua kuiwasha ile kompyuta. Sioeli alilijua hilo vizuri.

Losaline akaweka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Usidhani hakufikiria. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Ardhi hana, ardhi kwetu ni ya wanaume, hata nyumba yake ilikaa kwenye kiwanja cha Sioeli. Mume hana. Cheo kanisani hana. Alichokuwa nacho ni kimoja tu: alikuwa dada, na dada kwetu yuko juu ya kaka. Ni shangazi wa watoto wake, na neno la shangazi halijibiwi. Mwezi wa kumi na moja Hulita, binti wa Sioeli, alikuwa anaolewa, na Losaline ndiye angekaa kwenye mkeka wa juu kabisa, keki ikaletwa kwake kwanza, na Sioeli na suti yake angeinama mbele yake. Alikuwa akiingoja siku hiyo kwa hamu, nisiwafiche. Ndicho kiti pekee alichowahi kupewa duniani. Dada anayekaa na kaka yake kusikiliza matusi ya mwili hana tena kiti hicho, maana kauvunja mwiko unaombeba.

Akaondoa kidole. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kisha akavuta benchi, akalipeleka mbele, akakaa mstari mmoja na kaka yake, nafasi ya watu wawili kati yao, akatazama shuka.

Sioeli hakugeuka, lakini mguu wake ukashuka chini.

Uso wa Penisimani ukajaa kwenye shuka, unacheka. Likatoka neno la kwanza. Mimi sitaliandika, nina dada zangu wanaosoma. Shingo ya Sioeli ikavimba. Likatoka la pili, lile la mama. Losaline alihisi uso wake unaungua, machozi yakamtoka kwa aibu, aibu ya kweli, mwili mzima unamwambia kimbia, naye kashikilia benchi kwa mikono miwili. Likatoka la tatu, na hilo Sioeli hakuliweza. Akainuka, kiti kikaanguka nyuma, Biblia ikaanguka, akatoka kaziba masikio kama mtoto.

Lakini nje nako kulikuwa na watu. Wale dada zake arobaini na ushee hawakwenda nyumbani kufua. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi chini ya madirisha, wanakula, kwa sababu mwiko ni wa chumbani na nje si chumbani. Na spika ya kanisa, ukiipandisha mpaka mwisho, inafika hadi wangwani. Sioeli akasimama mlangoni. Kushoto dada, kulia dada, na sauti ya Penisimani inamwagika juu yao wote kutoka kila kipande cha kioo:

"Tarumbeta hapana, mimi kusema. Sioeli mpira hapa, hapa, sikio. Mimi kusema hapana tarumbeta, yeye piga. Mimi kulia mama, yeye piga."

Kaka yao akiwa sasa nje nao, kwa mwiko ilitakiwa wanawake wainuke tena, waende mbali zaidi. Vaimoana ndiye aliyeanza. Aliinuka nusu, akamtazama kaka yake, akausikia ule "mama," akakaa tena chini kwa kishindo.

"Mimi miguu inaniuma," akaziambia nyasi, maana hakuweza kumwambia yeye. "Aliyekuja bila kuitwa ndiye aondoke."

Hakuna mwingine aliyeinuka. Sioeli akapita katikati yao mpaka kwenye gari lake, na safari ile ilikuwa ndefu. Wao wakasikiliza dakika zote kumi na moja.

Usifikiri walipiga makofi. Filamu ilipokwisha walikunja mikeka yao na kuondoka bila kumuaga mtu. Zamu ya wanaume haikuwepo: saa kumi mwenye funguo alikuja kuufunga ukumbi, akasema kapata maelekezo. Jumapili mahubiri yote yalikuwa juu ya mwanamke asiye na haya, na hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Wiki ile Losaline akipita, watu walivuka barabara. Watoto waliambiwa wasimsalimie. Dukani aliuziwa mkate wa jana na kuambiwa wa leo umekwisha, na mkate wa leo ulikuwa pale pale kwenye rafu anauona.

Ila Jumatatu, siku iliyopangwa kulivuta kontena, trekta halikuja. Dereva alisema ni bovu. Jumanne alisema bado ni bovu. Mama yake alikuwa mmoja wa wale waliokaa kwenye nyasi, na ndiye aliyelala na ufunguo wa trekta chini ya mto. Wageni wa mkutano wakaja, wakaliona kontena, wakaliona na pazia lake, wakaimba nyimbo zao, wakaondoka. Majani shingoni hakuvaa mtu. Penisimani mwenyewe alipoulizwa na Losaline kaionaje filamu, alisema picha ilikuwa na giza.

"Giza?" Losaline akapiga yowe. "Nimeuza jina langu, wewe unaniambia giza?"

"Kidogo giza," akasema Penisimani.

Wiki mbili kabla ya harusi ya Hulita, Manusiu akaja tena. Safari hii hakusalimu. Alisimama mlangoni, mikono kaifunga mbele, anaongea kama mtoto anayesoma somo kanisani.

"Anasema hana dada. Anasema dada yake alikufa siku ile ukumbini. Kwenye harusi atakaa Vaimoana. Na hapa kwenye kiwanja uondoke mwisho wa mwezi, kwa sababu kiwanja ni cha ukoo, na wewe si wa ukoo."

Losaline akakaa chini kwenye kizingiti. Lilimuuma, na hakujitia kwamba halikumuuma. Alimlea Hulita yule, alimbeba mgongoni, alimpiga picha akipiga hatua ya kwanza. Akajifuta uso kwa upindo wa gauni, mara mbili, mara tatu, na Manusiu akasubiri, maana mjumbe haondoki bila jibu.

"Kasema hivyo hivyo?" Losaline akauliza. "Hana dada?"

"Hivyo hivyo. Kayarudia mara mbili nisikosee."

"Mbele za watu?"

"Mbele ya kwaya nzima."

"Haya. Basi nisikilize, wifi, na wewe usikosee. Mwambie nimekubali. Mimi si dada yake. Na kama si dada yake, mwiko kati yetu haupo, umekwisha, amekwisha kuuondoa mwenyewe mbele ya kwaya nzima. Zamu ya wanaume haikufanyika, na yeye hakuuona mwisho wa filamu, alitoka ukumbini kabla ya kuiona sehemu anayotajwa. Jumamosi naionyesha ndani ya kontena, mle mna giza hata mchana. Aje. Hakuna dada mle wa kumkimbiza, atakaa mpaka mwisho kama mtu yeyote. Njia hana haja ya kuelekezwa, alishafika."

Nguruwe wa jirani akapita na watoto wake, akachungulia mlangoni, akaenda zake.

"Nimwambie vyote hivyo?"

"Vyote."

Manusiu akateremka ngazi, akafika kwenye lango, akashika mti wa lango bila kulifungua. Kisha akageuka.

"Na mimi, nije saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane," akasema Losaline.